Mimba ya Mugongo

Mimi Clotilde ndiye mwanamke mwenye akili kuliko wote katika Bel-Air, mtaa wetu hapa Lubumbashi, na cheti cha shule ya msingi ninacho cha kuonyesha. Sawa, darasani kwa masista tulibaki wasichana wawili, na siku ya mtihani mwenzangu alikuwa na surua. Na cheti chenyewe panya wamekila upande wenye pointi. Lakini wa kwanza ni wa kwanza. Anayebisha aje lupangoni, yaani uani kwangu, nitampa chai, halafu nitamtukana vizuri akiwa ameshiba.

Nasema haya ili mjue kwamba si kawaida yangu kukubali kuwa kuna mwanamke aliyenizidi. Yupo. Anaitwa Germaine. Lupango letu ni moja, mlango wake unatazamana na wangu, na kichwa chake kina upara unaong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Mama yake, marehemu Mwaba, alikuwa rafiki yangu tangu kambi ya reli kule Kamina, enzi ambazo waume zetu walirudi nyumbani wananuka mafuta ya treni na sisi tukasema ni marashi. Kwa hiyo Germaine ni mtoto wangu, ingawa yeye na mtaa mzima wananiita Kambo, yaani bibi. Na bibi kwetu ana ruhusa ya kumtania kila mtu. Ruhusa hiyo naitumia asubuhi na jioni, kama dawa.

Germaine ni msusi. Salon yake ni baraza ya nyumba, kiti kimoja cha kwake na kigoda kimoja cha mteja, na juu ya ukuta ameandika kwa rangi nyekundu: SALON MAPASA. Ni kwa sababu alizaa mapacha, Kyungu na Kabange. Sasa ni watu wazima, mmoja yuko Likasi, mwingine Kolwezi, na kila mmoja anamwambia mama yake kwamba mwenzake ndiye asiyepiga simu.

Ugonjwa wake ulianza kama mambo yote ya tumbo yanavyoanza, yaani bila heshima. Kitenge kilikuwa kinafunga vizuri, kikaanza kukataa. Akila matonge mawili ya bukari, ugali wetu, ameshiba. Anaenda chooni, anarudi, anakaa, anaenda tena. Yeye alisema ni gesi. Mimi nilisema ni uzee, karibu kwetu. Mwenye famasi alisema ni amibe, vijidudu vya tumbo, akampa vidonge. Watu wa chumba cha maombi walisema ni wivu wa jirani, na kwa kuwa jirani wa karibu ni mimi, kwa muda nilikuwa mchawi rasmi wa avenue yetu. Sikuchukia sana. Hakuna aliyethubutu kugusa ndoo yangu bombani.

Aliyekataa maneno yetu yote ni Germaine mwenyewe. Siku moja alifunga baraza, akavaa kitenge cha kanisani, akasema: "Kambo, hii tumbo najua namna ilikuwaka. Hii haiko yangu." Akaenda hospitali kwa miguu yake. Wakamtazama ndani, wakapima damu, wakakuta kansa ya ovari, ile mifuko miwili midogo inayotunza mayai ya mwanamke. Wakampasua, wakatoa mifuko na kizazi. Halafu ikaja shimio, ile dawa kali ya kansa inayopita mshipani kwa seramu. Mimi ndiye niliyelala chini ya kitanda chake kwenye mkeka, kama mgonjwa wa pili, na chakula cha mgonjwa wa kwanza nilikuwa nakila mimi, maana yeye alikuwa anatapika.

Nywele zilipoanza kuanguka, alichukua mashine ya kunyolea, akajinyoa zote mbele ya kioo cha wateja. Akaniambia: "Musuki hangojake nywele zimwache. Anaziacha yeye."

Miaka miwili akawa mzima. Halafu ikarudi. Dokta, kijana mwenye miwani, hakumficha. Alimwambia huenda isiondoke tena kabisa, ila wataikandamiza kwa dawa, ikilala atapumzika, ikiamka wataanza tena. Germaine akamuuliza:

"Dokta, nitaishi nayo miaka ngapi?"

"Mama, sijue."

"Basi tuko batatu. Weye haujue, mi sijue, na yenyewe haijue. Nipe rendevu ingine."

Na kila rendevu, kila siku ya kuonana na dokta, alikuwa anaenda na maswali yake kichwani, anayauliza moja moja, na dokta akitaka kuinuka, Germaine anamvuta koti. Alirudi nyumbani anajua mambo ambayo mimi, wa kwanza darasani, nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Na hakuyakalia. Aliyapeleka barazani.

Mwanzoni wateja walimkimbia. Nani atasukwa na mwenye upara? Wengine waliona kama upara unaambukiza. Yeye kila asubuhi alitoa kigoda cha mteja nje, akakifuta vumbi, akakaa nyuma yake kana kwamba kuna foleni. Mwishowe foleni ikaja, kwa sababu katika Bel-Air hakuna vidole kama vyake. Hapo ndipo wanawake walipojua wameingia mtegoni. Mwanamke akishakaa kwenye kigoda, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya Germaine, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio, ataenda wapi?

Nakumbuka Keren, msichana wa benki mwenye kucha ndefu, alikuja kusuka kwa ajili ya harusi. Germaine alingoja afike katikati ya kichwa.

"Keren, bukari unaimalizaka ku sahani?"

"Maman Germaine, mi niko ku rejimu, napunguza mwili."

"Sikukuuliza rejimu. Unashibaka mbio kuliko zamani? Tumbo inavimba, inakataa kushuka? Unaendaka kukojoa kila saa?"

"Eh! Maman, bantu banasikia!"

"Basikie. Na beye bako na matumbo."

"Mi niko mutoto, hizi ni mambo ya bamama."

"Haya. Mama yako ao bandugu yake, kuko mwenye alifwaka na kansa ya matiti ao ya tumbo?"

Keren akataka kuinuka. Germaine akafungua mikono yote miwili.

"Kwenda. Nusu ya kichwa ni yako. Ingine ingali yangu."

Wanawake waliokuwa wanangoja zamu walicheka mpaka mmoja akaangusha karanga. Keren akajitazama kwenye kioo, akakaa. Kabla kichwa hakijaisha alikuwa anauliza mwenyewe, kwa sauti ndogo, na Germaine anajibu kwa sauti kubwa: kwamba tumbo likivimba siku moja na kushuka, ni maharage, likikaa hivyo wiki mbili, tatu, siyo maharage tena, ni safari ya hospitali. Kwamba kile kipimo cha mlango wa kizazi ni kizuri, kila mwanamke akifanye, lakini hakioni mpaka kwenye ovari.

"Kule juu hakuna mulinzi," alisema akivuta uzi. "Mulinzi ni weye mwenyewe. Geuza kichwa."

Swali lile la ndugu alikuwa amelipata kwa dokta. Siku dokta alipomuuliza mama yake alikufa na nini, Germaine alinigeukia, maana mama alipokufa yeye alikuwa bado mtoto wa shule. Ikabidi niseme. Mwaba alikufa na mimba ya mugongo.

Mimba ya mugongo, kwa msiojua, ni hii: mwanamke anashika mimba, halafu mtu mbaya anaifunga, au mimba yenyewe inakasirika, inahamia mgongoni na kulala huko miaka, hadi siku itakapopenda kurudi mbele. Nimeisikia tangu nikinyonya. Sijawahi kumwona mtoto aliyetoka huko, lakini nimewaona wanawake wengi waliomngoja. Mwaba alingoja. Tumbo lilimpanda mpaka kifuani, mikono ikabaki mifupa, na sisi wote kambini tulikuwa tunamwambia ni mtoto mkubwa, ni mtoto wa kiume, vumilia. Mimi nilimfumia mtoto kofia ya sufu. Tulimzika Mwaba nayo mkononi.

Dokta alivua miwani yake, akaifuta. Akasema kansa hii mara nyingine inapita katika damu ya ukoo, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Akauliza: "Uko na dada?"

Germaine ana mdogo mmoja wa kike. Anaitwa Benita, anakaa Annexe, pembeni ya mji, na mumewe Edouard, wanalima mboga, sombe na lengalenga. Benita ana mtoto mmoja tu, Désiré, ambaye sasa ana ndevu. Mimba ya pili iliharibika zamani, na mtumishi mmoja wa Mungu, ambaye jina lake nalihifadhi ili nilitukane peke yangu, alimwambia haikuharibika, imeenda mgongoni. Basi Benita akawa mwanamke wa kungoja. Ndugu za Edouard walimsema, wakachoka, wakaanza tena. Yeye akangoja.

Mvua zilizopita, damu yake ya mwezi ilikatika. Umri wake ulikuwa umefika wa kukatika, lakini mwambie basi. Baadaye tumbo likaanza kupanda. Edouard akawa anatembea Annexe nzima kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Tulipopata habari, Germaine alichukua kitambaa chake cha kichwa, nami nikachukua fimbo yangu, tukaenda.

Benita alitupokea akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umekonda lakini unawaka.

"Yaya, dada yangu mukubwa, karibu! Kambo, ikala, ikala chini! Munamona? Anarudia mbele! Mutoto wangu anarudia!"

Akapika bukari na bitoyo, wale samaki wa chumvi, na lengalenga ya shamba lake. Mimi nilikula, kwa sababu huzuni yangu ina njaa siku zote. Germaine alikuwa anatazama mkono wa mdogo wake. Tonge la kwanza. La pili. Mkono ukarudi kwenye goti, ukakaa.

"Benita, weye njo ulikuwaka unakula sahani ya bantu babili. Leo unashiba na tonge mbili?"

"Mutoto anajaza nafasi."

"Unamusikia anacheza?"

"Analala. Alizoea kulala, yaya. Miaka yote ile mu mugongo!"

"Siku ya lundi twende ku ekografi. Banatia kifaa juu ya tumbo, banamona ndani. Mi nitakusindikiza."

Benita alirudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

"Ile mashini? Itamushtusha! Atarudia mu mugongo, na hatatoka tena."

"Na mama? Mama naye alingojaka."

Nje Edouard alikuwa anachapa jembe na kuimba. Benita akamtazama dada yake kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, akasema polepole:

"Beye balikutoa kizazi, yaya. Sasa unatafuta ya wengine."

Ningekuwa na meno yote ningemng'ata. Germaine alisogeza beseni, akanawa mikono, akasema asante kwa chakula. Njiani mimi nilimtukana Benita kwa Kiluba, nikamtukana kwa Kibemba, nilipofika Kifaransa maneno yakaniishia, maana tulifundishwa kuomba ruhusa tu.

"Wacha, Kambo," akasema Germaine. "Anaogopa. Na mi nilikunywaka dawa ya amibe myezi mingi."

"Weye haukumutukana muntu."

"Nilikutukana weye. Haukusikia."

Toka siku ile Benita hakukanyaga kwetu. Simu ikipigwa, Edouard anapokea, anasema mtandao ni mbaya, na sauti yake inasikika kama yuko chini ya kitanda changu. Ukoo ukaingilia. Kaka yao mkubwa alimwambia Germaine anyamaze: kwetu mtu haulizi mimba ya mwenzake, haihesabu, haitaji, na dada aliyetolewa kizazi ndiye wa mwisho kabisa kufungua kinywa. Mashangazi wakasema vivyo hivyo. Germaine aliendelea kusuka, lakini nilimwona mara nyingine kidole kinasimama katikati ya uzi, macho yanaenda upande wa Annexe. Kila wiki iliyopita ilikuwa ya Benita, na Germaine alijua bei ya wiki. Yeye mwenyewe alichelewa, na dokta alimwambia wazi kwamba angewahi, habari ingekuwa nyingine.

Halafu, katika kipwa, yaani kiangazi, mwezi wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inawafanya watu wasalimiane mikono ikiwa makwapani, Gracia alijifungua. Gracia ni binti wa yule kaka yao mkubwa. Na alizaa nini? Mapacha.

Sasa nieleze. Kwetu mapacha hawapokelewi kwa kunong'ona. Wakitoka maternite, wodi ya uzazi, wanaletwa lupangoni, wanawake wanajifunga majani kiunoni, wanapakana usoni pemba, ule udongo mweupe, na anayeongoza nyimbo ni mwanamke aliyezaa mapacha kabla, mama-mapasa. Siku ile kinywa chake hakina kufuli. Anaimba yaliyo chini ya vitenge na ndani ya suruali, anamtaja mkwe, anamtaja shemeji, anamtaja hata katekista, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, au ukiondoka kwenye duara, umewatakia mapacha mabaya. Na usipokuja kabisa, ni vibaya zaidi. Padri anajua, ila siku hizo huwa na safari ya Sakania.

Kwa hiyo Benita atakuja. Na hataweza kukasirika. Na mama-mapasa wa ukoo ule ni mmoja tu.

Tatizo ni kwamba Germaine alikuwa ametoka kwenye shimio juzi yake. Mdomo umejaa vidonda, nyayo zinamchoma kama anakanyaga makaa. Nilimkuta anajifunga majani kiunoni, ameegemea ukuta.

"Lala," nikamwambia. "Utaangukia mapasa."

"Kambo, mama-mapasa akikosa, nani ataimba? Weye? Sauti yako inatoroshaka kuku."

Akajipaka pemba usoni, akaendelea juu, mpaka upara wote ukawa mweupe. Kitambaa akakiacha kitandani. Alipotoka uani namna ile, majani kiunoni, kichwa kama mwezi, hata watoto waliacha mchezo wao. Kisha akatikisa sekeseke, ule mtungi mdogo wenye mbegu ndani, akaanza.

Alianza na wanaume, kama inavyotakiwa. Aliimba juu ya suruali ya kaka yake na uzito wa kilichomo, ambao ulikuwa mdogo. Maneno siandiki, wajukuu wangu wanajua kusoma. Aliwaimbia mashangazi, mmoja mmoja, waliomwambia anyamaze. Wakacheka huku wanafunika nyuso. Aliniimbia mimi na marehemu mume wangu, na treni iliyochelewa kufika stesheni. Nilicheza. Yeye alikanyaga kwa visigino kwa sababu ya nyayo, lakini sauti haikupungua hata kidogo.

Benita alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na Gracia, blanketi limefunika tumbo. Germaine akazunguka duara, akafika mbele yake, akasimama.

"Mapasa, mapasa, mulilala babili mu chumba moja,
mulipigana, mulisukumana, mulango mukaupata!
Benita, mu chumba yako kuko nani?
Mupangaji gani haimbake, hachezake,
anakulia bukari yako na kitanda hatikisake?"

Na wanawake wote, majani yanaruka kiunoni, wakaitikia:

"Fungula, fungula tumone!"

"Mama naye alikuwaka na mupangaji,
alimungoja mulangoni, alimungoja ku dirisha,
yeye njo alitoka, mupangaji akabakia!"

"Fungula, fungula tumone!"

Lakini kiitikio cha pili kilitoka kidogo, maana wakubwa walikumbuka Mwaba. Benita alikuwa anatazama huku na huku. Hasira ilimjaa mpaka shingoni na hakuwa na mahali pa kuitema. Mapacha wawili walikuwa wamelala pale pale, karibu na goti lake. Akainuka, blanketi likaanguka, na tumbo lile likaonekana, limepanda juu, na mikono pembeni yake imekuwa fimbo.

"Nilisha kuenda!" akapiga kelele. "Unasikia, yaya? Nilisha kuenda ku ekografi! Djumaa yenye ilipita! Nilimumona mutoto. Ni mwanaume. Alikuwa ananyonya kidole!"

Vigelegele vikalipuka. Mashangazi wakarusha vitenge juu. Germaine sekeseke ilimwanguka mkononi.

"Kweli, Benita?"

"Kweli, yaya."

Uso wa Germaine ukafunguka chini ya ile pemba. Machozi yakaanza kuchora mistari myeusi kwenye weupe. Yeye ambaye hakuwaamini famasi, wala wachungaji, wala mimi, alitaka kumwamini huyu. Alitaka awe amekosea mbele ya ukoo mzima, aimbwe yeye, achekwe yeye, na mtoto awe yupo. Akaanza kucheka na kulia pamoja.

Na mimi nikakaa pale na tatizo langu. Kumwacha mtu na furaha yake ni jambo ambalo sikufundishwa. Nikajikokota mpaka kwenye mkeka, nikatengeneza sauti yangu ya bibi kizee asiyejua kitu, ambayo ni nzuri sana, nimeitumia kwa polisi.

"Mutoto wangu Benita, nifurahishe na mi. Zamani yetu hakukuwa ile mashini. Banasema banapakaka mafuta fulani ku tumbo, inateleza kama kamasi, njo banatembeza kifaa. Ni kweli?"

"Ni kweli, Kambo."

"Aa! Na inasikilikaka namna gani? Ni ya moto?"

"Ya moto, Kambo," akasema Benita, anatabasamu, amepata nafuu. "Ya moto ya muzuri kabisa. Nilikuwa karibu kusinzia."

Gracia, aliyekuwa anamweka sawa pacha mmoja kwenye titi, akainua kichwa. Shangazi aliyekuwa anapiga ngoma akaacha mkono hewani. Pale uani walikuwapo wanawake wa kila umri, na karibu kila mmoja aliwahi kulala kwenye kitanda kile akiwa amefunua tumbo. Mimi mwenyewe nimesimama kando ya Germaine sijui mara ngapi, nikamwona anaruka. Mwanamke anaweza kusahau tarehe ya harusi yake, lakini baridi ya yale mafuta hasahau. Ni chura anayewekwa kwenye kitovu. Na hii mtu aseme ni ya moto, Lubumbashi, mwezi wa saba?

Benita akaona macho. Hakujua kosa liko wapi, alijua tu liko.

"Muulize Edouard!" akasema haraka. "Tulikuwa naye!"

Edouard alikuwa upande wa wanaume, karibu na mbabula, anaota makaa na kikombe cha munkoyo mkononi. Maskini Edouard. Habari ya hospitali ndiyo kwanza alikuwa anaisikia, niliona kwenye kidevu chake. Lakini mwanamume akiitwa mbele ya wanawake wote wale, huku mke wake anamtazama hivyo, afanye nini? Akajikohoza, akanyoosha mgongo.

"Njo vile," akasema. "Mi mwenyewe nilikuwa pale. Ilikuwa ya moto sana. Mpaka moshi ilikuwa inatoka."

Kicheko kilichotoka pale kiliamsha mapacha wote wawili. Shangazi alilalia ngoma yake. Gracia alikuwa anasema "moshi, eh, moshi!" na maziwa yanamwagika. Edouard naye akacheka, akidhani amesaidia, akainua kikombe kutuamkia.

Halafu kicheko kikapungua chenyewe, mmoja mmoja, maana Germaine alikuwa hacheki. Alipita katikati ya majani na vitenge, akashuka kwenye mkeka taratibu, goti moja, kisha la pili, akauma midomo kwa maumivu. Alichukua mkono wa mdogo wake, akauweka kati ya mikono yake yenye pemba, akangoja.

Benita alimtazama Edouard. Akawatazama mashangazi. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nachunguza mawingu, ingawa mwezi wa saba hakuna hata moja. Mwishowe akainamisha kichwa mpaka karibu na sikio la dada yake, lakini masikio yangu ni mazuri kuliko magoti yangu, na nilisikia.

"Yaya," akasema, "iko baridi sana?"